UZI: Kuungua kwa leza ya kuondoa nywele. Alama inasomekaje na fidia inadaiwaje

Mpimamwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mtu akiungua kwa leza ya kuondoa nywele jibu analopewa ni lile lile: "ngozi yako ni nyeti." Ni jibu la kukwepa. Kuungua kwa leza huacha alama yenye umbo, na umbo hilo mara nyingi linaonyesha kosa lilikuwa wapi: kwenye namba zilizowekwa, kwenye mkono wa aliyeshika kishikio, au kwenye mashine. Anayejua kulisoma anajua la kumwambia daktari na, ikibidi, la kumwambia wakili.

Kanuni kwa ufupi. Mwanga hunywewa na melanini (rangi asilia) ya unywele, unageuka joto, joto linasambaa mpaka kwenye mzizi na kuua chembe zinazootesha. Tatizo ni kwamba melanini ipo pia kwenye tabaka la juu la ngozi, na mwanga lazima upite hapo kwanza. Kazi yote ya usalama ni kuunguza mzizi huku ngozi ikipona.

Leza hutofautiana kwa urefu wa wimbi la mwanga wake, unaopimwa kwa nanomita. Aleksandraiti (nanomita 755) hunywewa sana na melanini: inafaa ngozi nyeupe, kwa ngozi nyeusi ni hatari. Daiodi (karibu 810) iko katikati. Nd:YAG (1064) hunywewa kidogo na kupenya ndani zaidi, ndiyo maana inapendekezwa kwa aina ya V na VI kwenye skeli ya Fitzpatrick (kipimo cha rangi ya ngozi, kuanzia I nyeupe kabisa mpaka VI nyeusi kabisa). Halafu muda wa mpigo, yaani kila mwako mmoja wa mwanga. Tabaka la juu la ngozi hupoa ndani ya milisekunde 3 hadi 10 hivi, mzizi mnene huchukua makumi ya milisekunde. Mpigo wa milisekunde 30 unaipa ngozi nafasi ya kumwaga joto wakati unywele bado unachemka. Mpigo wa milisekunde 3 unairundikia yote kwa mkupuo.

Sasa alama zenyewe:

Miduara au miraba kamili, saizi ya ncha ya kishikio (panapotokea mwanga), imetapakaa eneo zima: nguvu ilizidi, au wimbi halikufaa rangi ya ngozi, au mteja alikuwa ametoka juani. Hilo ni kosa la namba, lilikuwepo kabla mpigo wa kwanza haujatoka.

Vijistari vyembamba vyenye umbo la mtumbwi ukiutazama kutoka juu, na katikati ya miduara ngozi ni nzima: mipigo ilipandana. Miduara miwili ikilaliana, sehemu ya pamoja hupata dozi mbili. Hilo ni kosa la mkono.

Hilali upande mmoja wa kila mduara, zote zimeelekea upande uleule: gesi ya kupozea ngozi inayopulizwa na mashine na mwanga wenyewe havikutua mahali pamoja. Ama kishikio kiliinamishwa, ama bomba la gesi limekaa vibaya.

Nukta moja ndogo, mahali palepale ndani ya kila mduara: kioo cha ncha kilikuwa na uchafu, mara nyingi unywele ulioungua na kuganda. Kioo kile kinakuwa pasi.

Mistari ya nywele zilizobaki kati ya mistari iliyo safi si jeraha, ni uvivu tu. Sehemu ziliachwa.

---

Kisigino

Mkuu hii ya hilali sijawahi kuisikia popote. Na kama ameungua kwenye ugoko tu, mapaja yote salama, namba zikiwa zilezile?

---

FundiVifaaTiba

Ugoko ni mfano mzuri. Mashine nyingi za daiodi hupoza kwa kugusa: kioo cha yakuti kinachopozwa kinakandamizwa kwenye ngozi. Kwenye paja nyama inajaa na kioo kinagusa chote. Kwenye mfupa wa ugoko, kifundo cha mguu au taya, kioo kinagusa katikati na kingo zinaning'inia hewani. Mwanga unapita kote, baridi inapita nusu. Dawa yake ni kugeuza ncha ifuate mfupa, kuivuta ngozi ikae juu ya nyama, na kushusha nguvu hapo. Anayepiga mguu mzima kwa namba moja bila kusimama anategemea bahati.

Niongeze lililo upande wangu. Kuna mashine ambazo ncha hubadilishwa, tuseme kutoka milimita 18 kwenda 12. Nguvu husomeka kwa jouli (kipimo cha nishati) kwa sentimita ya mraba. Ukibadilisha ncha bila mashine kujua, nishati ileile inaingia eneo dogo. Piga hesabu: 18 kwa 12 ni 1.5, kipeo chake cha pili 2.25. Skrini inasema 20, ngozi inapokea 45. Mashine nyingi za sasa hutambua ncha zenyewe, lakini kihisi kikichafuka au mtu akitumia ncha ya kuiga, kinga hiyo imekwisha.

La pili: skrini huonyesha kilichoombwa, si lazima ndicho kilichotoka. Ndiyo maana kuna kipimo cha nishati na vyeti vya upimaji. Mashine iliyobadilishwa taa au daiodi bila kupimwa upya inaweza kutoa zaidi ya inavyoandika. Jeraha likitokea wiki moja baada ya matengenezo, cheti cha upimaji ndicho karatasi ya kwanza ya kuuliza.

La tatu ni dogo ila linaunguza wengi: jeli. Inakusanya nywele zilizoungua, inakuwa nyeusi, mhudumu anaendelea kuiburuza. Kioo kifutwe kila baada ya mipigo michache na jeli ibadilishwe. Spiriti ikitumika kusafisha ngozi, isubiriwe ikauke kabisa, maana mvuke wake unashika moto.

---

MuuguziNgozi

Mengi yanaharibika kabla mteja hajalala kitandani. Ninayoyaona muhimu:

Nywele zinyolewe kwa wembe ndani ya saa 24 kabla. Zikibaki ndefu juu ya ngozi, zinanywa mwanga hukohuko nje na kuunguza ngozi bila kufika mzizini. Nta, uzi na mashine za kung'oa viachwe wiki 4 hadi 6 kabla, kwa sababu vinaondoa mzizi wenyewe na leza inabaki haina cha kulenga. Ngozi iliyoiva jua isubiri wiki 4 kwa uchache. Krimu za kupaka rangi ya jua nazo ni hivyo hivyo.

Dawa: kuna zinazoifanya ngozi iogope mwanga, kama doksisaiklini. Isotretinoini (dawa ya chunusi) ni mada yenye ubishi kati ya wataalamu, muda wa kusubiri uamuliwe na daktari wa ngozi. Aliyewahi kutibiwa kwa dhahabu (zamani ilitumika kwa baridi yabisi) aseme, maana leza inaweza kuifanya ngozi yake ibadilike rangi kabisa. Mwenye historia ya malengelenge ya mdomoni ya virusi apewe dawa ya kuzuia kabla ya kupigwa usoni. Tatuu hazipigwi: wino unanywa mwanga kuliko unywele. Madoa ya kuzaliwa yazibwe kwa kitu cheupe au yarukwe.

Jaribio la doa dogo ndilo linalofanywa kwa haraka kuliko yote. Wengi hupiga mpigo mmoja mkononi, wanasubiri dakika 10, wanaanza kazi ya kwapani. Jaribio lifanywe kwenye eneo lilelile litakalotibiwa, kwa namba zilezile. Malengelenge huonekana ndani ya siku 1 au 2, lakini baka jeusi huweza kuchukua wiki 1 hadi 3. Kwa ngozi nyeusi, jaribio la dakika 10 halijajaribu chochote.

Wakati wa kazi, wekundu na vivimbe vidogo kuzunguka vitundu vya nywele ni kawaida, na huisha ndani ya saa chache mpaka siku 2. Kisicho kawaida ni ngozi kugeuka kijivu au nyeupe papo hapo, au maumivu yanayobaki mpigo ukishapita. Maumivu ya leza yanatakiwa yawe kama kupigwa na mpira wa manati na kuachiwa. Yakibaki yanafukuta, simamisha. Usimwambie mteja avumilie.

---

Kisigino

Na krimu za ganzi? Wengine huambiwa wapake nyumbani wajifunge na nailoni ili dawa iingie vizuri.

---

MuuguziNgozi

Hapo ndipo leza ilipowahi kuua bila leza kuwashwa. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili vijana kujipaka krimu kali ya ganzi miguuni, wakaifunika kwa nailoni wakijiandaa kwa leza. Walipata degedege, wakapoteza fahamu, wakafariki. Krimu zilikuwa zimechanganywa na maduka ya dawa, zikiwa na kiwango kikubwa cha lidokeini na tetrakeini, dawa mbili za ganzi.

Hesabu inajieleza. Gramu 1 ya krimu ya asilimia 10 ina miligramu 100 za dawa. Ukipaka gramu 30 kwa miguu miwili, umeweka miligramu 3,000 juu ya ngozi. Kwa sindano, kikomo cha kawaida cha lidokeini bila adrenalini kwa mtu mzima ni miligramu 300. Si yote yanayopakwa yanaingia mwilini, lakini nailoni, joto, ngozi iliyokwanguliwa na wembe na eneo kubwa vyote vinaongeza kinachoingia. Dalili za mwanzo ni ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, kizunguzungu. Hapo krimu ifutwe na mtu apelekwe hospitali, asilazwe apumzike.

Maeneo makubwa yapozwe kwa baridi, si kwa ganzi. Na kuna sababu ya pili: mteja aliyekufa ganzi hawezi kukwambia anaungua.

---

Mpimamwanga

Umesema kweli, maumivu ni kengele. Niseme na la macho, maana jeraha lake halirudi nyuma.

Mwanga wa 1064 hauonekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga. Lenzi ya jicho inaukusanya kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho) kama kioo cha kukuzia kinavyokusanya jua. Miwani ya kinga lazima iandikwe wimbi lilelile la mashine pamoja na kiwango cha kuzuia. Ya 755 haikusaidii kwenye 1064, na miwani ya jua haisaidii popote. Mteja na mhudumu wote wavae. Vioo vya ukutani vifunikwe, mlango uwe na alama, ufunguo wa mashine usiachwe umechomekwa. Mashine hizi ni daraja la 4, la juu kabisa kwenye uainishaji wa leza.

Nyusi kwa upande wa chini, ndani ya mfupa wa tundu la jicho, hazipigwi hata kwa mteja aliyefumba macho. Kope hazizuii wimbi hilo. Majeraha ya mboni na uvimbe wa ndani ya jicho yamekwishaandikwa kwenye majarida ya tiba kutokana na kutengeneza nyusi kwa leza.

Moshi nao tusiudharau. Moshi wa nywele una benzini, toluini na monoksidi ya kaboni. Chumba kidogo kisicho na kinyonya moshi kinamdhuru mhudumu zaidi kuliko mteja, kwa kuwa yeye anashinda humo.

---

Jirani_wa_Saba

Mtu ameshaungua, yuko nyumbani, ni saa moja imepita. Afanye nini SASA HIVI?

---

MuuguziNgozi

Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Yanasaidia ilimradi saa 3 hazijaisha tangu kuungua. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, itaongeza jeraha. Dawa ya meno, asali, mafuta ya kupikia, hapana. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa kisafi kisichonata, vaa nguo pana, meza dawa ya kawaida ya maumivu.

Aende kwa daktari siku hiyohiyo kama kuna malengelenge, kama ni usoni au sehemu za siri, kama ngozi imekuwa nyeupe na haina hisia, au kama jicho linauma au kuona ukungu. Homa, usaha au wekundu unaosambaa siku zinazofuata ni maambukizi. Baada ya hapo, jua ni adui mkubwa: kukinga na jua ndiyo tiba kuu ya kuzuia baka jeusi lisikae. Na asikimbilie krimu za kujichubua zenye steroidi au zebaki.

---

WakiliPembeni

Nimesubiri sehemu ya fidia. Nitaongea kwa ujumla, sheria za nchi zinatofautiana na kila mtu aulize wakili wa kwake.

Jeraha peke yake si uzembe. Mdai anatakiwa kuonyesha mambo manne: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake (hili ni rahisi), kwamba aliuvunja, kwamba kuvunja huko ndiko kulikoleta jeraha, na kwamba kuna hasara inayopimika. Vita huwa kwenye la pili na la tatu, na ndiyo maana somo la umbo la alama hapo juu lina thamani kubwa. Baka moja mahali pamoja linaweza kuitwa athari inayojulikana. Miduara 40 iliyopangika kwa aleksandraiti kwenye ngozi ya aina ya V si athari, ni chaguo baya la mashine. Kiwango cha uthibitisho ni mizania ya uwezekano (kwamba dai lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa), si kuondoa shaka yote kama kwenye jinai.

Marekani watafiti walipekua kesi za leza za ngozi kati ya 1985 na 2012, wakapata 174. Kuondoa nywele kuliongoza kwa wingi, na kuungua ndiko kulikokuwa jeraha la kawaida zaidi. Dai lililojirudia sana ni kutopata ridhaa sahihi ya mteja. Utafiti mwingine wa watafiti haohao ulionyesha kwamba kati ya 2004 na 2012, karibu robo tatu ya kesi za kuondoa nywele zilihusu mashine kushikwa na asiye daktari. Kwa hiyo swali la nani alishika kishikio, na nani alimsimamia, liulizwe mapema.

Ushahidi ukusanywe kabla hasira haijapoa na alama haijafifia. Picha siku ya 0, 1, 3, 7, 14 na 30, kisha kila mwezi. Kila mara mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu yenye rula pembeni. Mwanga uwe uleule, wa dirishani, bila vichujio vya simu. Tunza faili la asili, kwa sababu tarehe imo ndani yake. Programu nyingi za ujumbe huibana picha na kuiondoa tarehe hiyo.

Kisha omba kwa maandishi rekodi ya matibabu: jina na namba ya mashine, wimbi, nguvu, muda wa mpigo, saizi ya ncha, aina ya upoozaji, aina ya ngozi waliyoandika, matokeo ya jaribio, fomu ya maswali ya afya na ya ridhaa, jina na mafunzo ya mhudumu, vyeti vya matengenezo. Rekodi isiyo na namba za mashine ni hoja tosha ya kuwauliza. Ukipewa iliyojaa vizuri kupita kiasi wiki 3 baadaye, linganisha wino na tarehe.

---

FundiVifaaTiba

Mashine nyingi hutunza kumbukumbu ya ndani ya mipigo na namba zake, japo haikai milele. Ombi la wakili litaje kumbukumbu hiyo ihifadhiwe, na mashine isifanyiwe matengenezo kabla ya kukaguliwa.

---

Jirani_wa_Saba

Lakini wakili, kila mtu anasaini ile karatasi ya "sitadai chochote." Si ndiyo imeisha?

---

WakiliPembeni

Haijaisha. Ridhaa maana yake umekubali hatari zinazobaki hata kazi ikifanywa kwa uangalifu. Hujakubali kufanyiwa ovyo. Uingereza, kwa mfano, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 (kabla yake ilikuwa ile ya 1977) inakataza biashara kujivua dhima ya kifo au jeraha la mwili lililotokana na uzembe, hata kwa saini. Kwingine masharti hayo yanapimwa kwa vigezo tofauti, ila mara chache ni ukuta. Na fomu yenyewe inaweza kuwageukia: kama ya mwenye ngozi nyeusi haitaji popote mabaka ya kudumu, ridhaa hiyo ina tundu.

Upande wa pili wa sarafu: fomu ikiuliza kuhusu jua na dawa na mteja akajibu hapana huku si kweli, fidia itapungua au kufutika. Isipouliza, mzigo uko kwao. Pia mdai ana wajibu wa kupunguza hasara. Aliyepasua malengelenge na kwenda ufukweni wiki hiyo ataulizwa.

Madai huhesabiwa hivi: gharama za tiba zilizopita na zijazo (vipindi vya kutibu kovu vina bei), kipato kilichopotea, nauli, kisha maumivu na uharibifu wa sura. Hilo la mwisho hutegemea mahali, ukubwa, umri, na kama ni la kudumu. Ripoti ya daktari wa ngozi asiye na uhusiano na kituo ndiyo nguzo. Yeye aseme aina ya jeraha, chanzo, na matarajio.

Muda wa ukomo ni mkali. Uingereza ni miaka 3 tangu jeraha au tangu ulipojua, kwingine ni mfupi zaidi, na taasisi za umma mara nyingi zinadai notisi mapema. Malalamiko kwa mamlaka ya leseni ni njia tofauti: yanaweza kumfungia mtu kazi, kwa kawaida hayakulipi, na hayasimamishi saa ya ukomo.

---

Kisigino

Na ambaye nywele zimeongezeka badala ya kupungua, anadai?

---

Mpimamwanga

Lipo jambo hilo, hutokea zaidi usoni na shingoni, kwa ngozi za wastani mpaka nyeusi na kwa wenye matatizo ya homoni kama ovari zenye vifuko vingi. Inaaminika joto dogo la kingoni huamsha nywele laini zilizolala. Kwa hiyo nguvu ndogo kupita kiasi nayo si usalama. Kudai ni kugumu isipokuwa hawakumtahadharisha. Na aliyeahidiwa "nywele hazitarudi maisha" alidanganywa: kinachoruhusiwa kusemwa ni kupungua kwa kudumu, baada ya vipindi 6 hadi 8 au zaidi, na mvi hazishiki kabisa.

---

Jirani_wa_Saba

La mwisho. Kituo kikikubali kurudisha ada yote, kikaleta karatasi ya kusaini, mtu apokee?

---

WakiliPembeni

Asome mstari wenye maneno "malipo kamili na ya mwisho." Ukiwepo, akisaini ameuza na dai la kovu. Rangi ya ngozi huchukua miezi 6 mpaka 12 kujulikana itatulia wapi, na baka jeupe linaweza lisirudi, kwa hiyo wiki ya pili hakuna anayejua jeraha lina thamani gani. Aandike kwa mkono wake juu ya saini: "Nimepokea marejesho ya ada ya vipindi tu, bila kuathiri madai yangu ya jeraha," aweke tarehe, abaki na nakala. Wakikataa maneno hayo, asisaini. Ada itaingia kwenye madai pamoja na mengine.